Milioni Sita, Elfu Thelathini na Moja, Mia Tatu na Saba

2 Februari

Profesa, mdogo wangu,

Nakusalimu salamu nyingi, posta wangezipima wangekataa kuzibeba. U mzima? Shemeji hajambo? Na wapwa zangu, au wameshakuwa warefu hadi wananidharau? Sisi huku wazima, ukiacha goti langu la kushoto ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Wifi yako anakusalimu, yeye hahitaji goti, anatabiri kila kitu bila msaada.

Ningekupigia, lakini simu yako siku zote iko bize kama choo cha stendi. Tena jambo la leo linataka karatasi.

Presi yangu imezimwa. Ijumaa iliyopita, saa tisa alasiri. Wameleta mashine mpya yenye kioo, unaigusa kwa kidole kama unayemwamsha mtoto mchanga, na inatoa mabeseni mawili kabla hujavuta pumzi. Ile yangu inaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu na mimi naenda nyumbani. Tofauti yetu ni kwamba mimi hawakunipima kwa kilo.

Miaka thelathini na moja, Profesa. Bati linaingia, nakanyaga pedali, presi inashuka, beseni linatoka. Unajua mimi si mtu wa kujisifu, lakini nusu ya dunia hii inanawa kwenye kazi ya mguu wangu. Waheshimiwa wananawa humo na hawajui wamshukuru nani. Mafundi wa nchi nne wamewahi kuja kuirekebisha mashine ile, na wote waliniachia elimu: najua kutukana kwa lugha nne, kila moja kwa lafudhi yake.

Ubavuni mwa presi kuna kihesabio, kidude cha chuma chenye tarakimu saba. Beseni moja likitoka, kinasogea moja. Tangu nikabidhiwe mashine hakijarudishwa sifuri hata siku moja. Niliponyanyua mguu mara ya mwisho nikakitazama. Kilisoma 6,031,307.

Sasa nakuuliza wewe uliyesoma hadi vitabu vikaomba likizo. Hii ni namba ya namna gani? Najua wasomi mmezipanga namba kwa koo, kama watu. Maana kuna yule mtunza stoo niliyekusimulia, mwembamba, kalamu tatu mfukoni na hakuna hata moja yenye wino. Ameniambia, "Mzee, hiyo ni namba tu, kama ya basi. Ingekuwa milioni sita kamili ningekupa mkono." Nilicheka pamoja na wenzangu. Nilipofika nyumbani sikula.

Nimechoka, mdogo wangu. Sikujua nimechoka hivi mpaka walipoizima. Nisingependa miaka yote ile iwe namba ya basi.

Wananiaga tarehe ishirini, nitahutubia. Niambie kabla ya hapo.

Kaka yako.


13 Februari

Kaka, shikamoo.

Barua yako imenikuta na mitihani mia mbili na arobaini ya kusahihisha na shemeji yako ana homa. Watoto wazima. Mimi najikokota.

Namba yako ni witiri, hilo umeliona. Haigawanyiki kwa tatu: jumlisha tarakimu zake utapata ishirini, na ishirini haigawanyiki kwa tatu. Haigawanyiki kwa tano, wala kwa saba, wala kumi na moja, wala kumi na tatu. Ni namba tasa, kaka. Maana yake hakuna namba inayoigawanya ikaisha bila baki, isipokuwa moja na yenyewe. Namba za namna hiyo ndizo zinazojenga nyingine zote, kama matofali.

Mwambie mtunza stoo wako kwamba milioni sita kamili inagawanyika hata kwa mbili, mtoto wa chekechea anaimaliza.

Hongera kwa kazi. Nisamehe kwa ufupi, na upumzike.

Mdogo wako.


25 Februari

Profesa wangu,

Habari za huko? Mitihani umeimaliza au imekumaliza? Homa ya shemeji imeshuka? Mpe pole zangu, mwambie sisi wanaume tukiugua ni vizuri tukawa na aibu kidogo. Huku goti linasema mvua, mawingu yanabisha.

Waliniaga kantini, viti vimepangwa kama msibani. Meneja alisoma hotuba yenye jina la mtu mwingine, akalifunika kwa kikohozi. Kisha nikasimama mimi.

"Wenzangu," nikasema, "kuna namba na namba. Milioni sita kamili mtoto wa chekechea anaimaliza. Hii yangu ni tasa! Hakuna namba chini ya jua inayoweza kuimega. Na anayesema hivyo si mimi wa darasa la sita. Ni mdogo wangu, anayewafundisha wanaofundisha."

Mtunza stoo akainua kalamu. "Umehakikisha, mzee?"

"Mdogo wangu amehakikisha."

"Basi sina neno."

Akaja akanipa mkono, Profesa! Mtu ambaye hata glavu alikuwa anatugawia kwa kuhesabu vidole.

Zawadi yangu ni kile kihesabio chenyewe. Wamekifunga kwenye ubao, na chini yake fundi wa kuchomelea amepiga maneno kwa patasi kwenye bati: 6,031,307. HAIGAWANYIKI. Nimekitundika sebuleni juu ya televisheni. Wifi yako aliposikia neno tasa alikunja uso, akasema namba ya mtu haitukanwi. Nikamwelewesha. Sasa anawaelewesha majirani, na anakosea kwa kujiamini kuliko mimi.

Lakini siku za nyumbani ni ndefu. Saa moja asubuhi mguu wangu wa kulia unakanyaga sakafu wenyewe, unatafuta pedali. Kwa hiyo nimeamua: nitaigawa mimi mwenyewe, kwa mkono, niione inavyokataa. Simu ina kikokotoo, najua, lakini kikokotoo kinakupa jibu na kukunyima kazi. Usidhani sikuamini. Mtu akiambiwa mwanawe ni mzuri, bado atamtazama.

Nianzie wapi, na niishie wapi?

Kaka yako.


14 Machi

Kaka, shikamoo.

Shemeji yako amepona, sasa anaumwa mtoto mdogo. Mitihani imekwisha, vikao vimeanza. Wifi hajambo?

Kuhusu kugawanya, nakuomba usijichoshe. Unajaribu kwa namba tasa peke yake, maana isiyogawanyika kwa tatu haiwezi kugawanyika kwa tisa. Unaishia 2,455, kwa sababu 2,456 mara yenyewe inaipita namba yako. Hapo katikati kuna namba tasa zaidi ya mia tatu na sitini. Mara mia tatu na sitini kugawanya kwa mkono, kaka, na macho yako hayo. Na ukiacha njiani hutakuwa umejua chochote.

Umeshaagwa, umeshapewa mkono, ubao uko ukutani. Nenda ukatembee. Kaa na wifi. Namba iache.

Mdogo wako.


2 Aprili

Mdogo wangu mpendwa,

Mgonjwa wetu mdogo ameamka? Mbusu kwenye paji kwa niaba yangu, ila mwambie ndevu za mjomba zinachoma. Wifi yako mzima wa mwili, hasira ndiyo imemzidi. Amegundua nimegeuza kalenda zote za nyumbani, za mwaka huu na za nyuma, naandika mgongoni mwake. Anasema sasa hajui leo ni lini. Nimemwambia mstaafu na mkewe hawahitaji tarehe.

Uliniambia nisijichoshe. Profesa, nimechoka tayari, na mtu aliyechoka bila kazi anaumia zaidi ya aliyechoka na kazi. Kwa hiyo nimeanza.

Kwanza nilitaka orodha ya namba tasa. Sikukuuliza, nikaunda yangu: niliandika namba zote hadi 2,455, nikazifuta zinazohesabika kwa mbili, kisha kwa tatu, kisha kwa tano, hadi zikabaki zile ngumu. Siku nne. Usinicheke kama mlishagundua. Mimi nimegundua Jumanne.

Kisha nikaingia vitani. Kwa saba ilibaki mbili, nikashika kifua. Kwa 89 ilibaki 44. Leo nimemaliza 211, ya arobaini na saba katika orodha, ikabaki 83. Inakataa, Profesa! Kila ikikataa nasema "Ehe!" kwa sauti, na wifi yako anaitika kutoka jikoni, "Na kuni je, nazo zinakataa kupasuliwa?"

Nikuambie jambo. Kugawanya kwa njia ndefu ndicho kitu cha mwisho nilichofundishwa shuleni. Mwalimu aliandika hesabu moja ubaoni, akasema tutaimaliza kesho. Kesho yake mama alianguka, na ikabidi mmoja wetu abaki nyumbani kumgeuza na kumlisha. Nikasema abaki mwenye mgongo mpana, aende mwenye kichwa. Sikuambii ili unishukuru, ulishanishukuru kwa kufaulu. Nakuambia kwa sababu nilipomaliza 17 nikapata baki 13, na nikahakiki ikawa sawa, nilijiona nimerudi kwenye dawati lile nikakuta mwalimu bado ananisubiri na chaki yake.

Macho yanawasha. Mgongo nao unauliza mimi ni nani. Lakini nitafika.

Kaka yako.


11 Mei

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima na wote wa nyumbani ni wazima. Hujajibu ile ya Aprili, nikajua ni kazi. Sisi tupo.

Leo sina mzaha. Nina swali, nalo linanitia aibu.

Nimefika 613. Ni ya mia moja na kumi na mbili katika orodha yangu. Niligawa, ikaisha. Haikubaki kitu. Nilidhani ni uchovu, nikaenda kunawa uso, nikarudi, nikaigawa tena. Sifuri. Kesho yake asubuhi, kabla ya chai, sifuri. Nikageuza kibao: nikachukua 613 nikaizidisha kwa 9,839 niliyoipata. 6,031,307. Tarakimu kwa tarakimu, kama ilivyo ukutani.

Nimekosea wapi?

Nimewaza sana. Kati yangu na wewe, mwenye kukosea ni mimi, hilo halina mjadala. Labda huko juu mliko kuna sheria inayoisamehe 613, kitu ambacho sisi wa darasa la sita hatukufikishwa. Labda 613 yenyewe haihesabiki kwenye jambo hili. Kama ipo sheria hiyo niandikie, hata kama ni ngumu, nitaisoma polepole.

Nakutumia karatasi ya kalenda yenyewe, mwezi wa Agosti, uone hatua zote. Sijamwambia mtu. Wifi yako ameuliza mbona siku hizi sisemi "Ehe". Nimemwambia nimepumzika.

Kaka yako.


22 Juni

Kaka yangu, shikamoo.

Sijui nikuulize hali yako kwa ujasiri gani, lakini nakuuliza. Goti? Macho? Wifi?

Hukukosea popote. Nimeifuata karatasi yako hatua kwa hatua, na kila hatua ni sahihi. Hakuna sheria inayoisamehe 613. Namba yako inagawanyika kwa 613, haikuwahi kuwa tasa, na aliyekosea ni mimi.

Nitakueleza yote, kwa sababu robo yake itakuwa uongo mwingine. Siku ile ya Februari nilikuwa nimesahihisha tangu alfajiri. Nilisoma barua yako nimesimama. Nikaijaribu kwa tatu, tano, saba, kumi na moja, kumi na tatu, ikakataa zote, nikasema inatosha. Nilijua haitoshi. Mwanafunzi wangu akifanya hivyo namkata alama zote na kumwandikia maneno makali pembeni. Lakini ulitaka iwe namba ya maana, mimi nilitaka kulala, na neno "tasa" lilitutosha sote wawili.

Hilo ni kosa la kwanza. La pili ndilo baya. Uliponiandikia kwamba utaigawa mwenyewe, ndipo nikaiweka kwenye kompyuta. Haikuchukua hata muda wa kupiga chafya. Nilijua tangu Machi, kaka. Kisha nikakuandikia upumzike, ukatembee, namba uiache. Macho yako niliyataja kama kisingizio. Nilikuwa naomba uchoke kabla ya 613.

Ilipokuja barua ya Aprili, yenye habari ya mama na chaki ya mwalimu, niliiweka kwenye droo. Ilipokuja ya Mei, unaniuliza umekosea wapi, nilienda nayo kazini kila siku kwenye mkoba na kurudi nayo kila siku. Wiki tano. Watu wanadhani nimechoka na kazi.

Namba yako si ya basi. Lakini sitaanza tena kuisifu, maana sasa sifa zangu unajua zinavyopimwa. Kuhusu 9,839 sitasema neno lolote mpaka uniulize mwenyewe.

Nisamehe, kama inawezekana. Kama haiwezekani pia niandikie.

Mdogo wako.


9 Julai

Mdogo wangu,

Tumepokea barua. Wazima huku. Wasalimie huko.

Nimekasirika. Naliandika hili mapema, maana najijua, nitaanza mzaha na wewe utadhani mzaha ni msamaha. Kunidanganya Februari ulidanganya mtu anayetaka kudanganywa, hilo nakuachia. Lakini tangu Mei mpaka barua yako inafika nilikuwa najiona mjinga ndani ya nyumba yangu. Nilikuwa napita chini ya ule ubao nikiinamisha kichwa. Na aliyekuwa na neno moja la kunitoa hapo ni wewe. Mimi sikukaa nyumbani na mama ili uende ukajifunze kunionea huruma. Nilitaka ukajifunze kujua, urudi uniambie, hata kama linauma. Hasa kama linauma.

Basi. Limetoka.

Juzi nilikibeba kihesabio na ubao wake hadi kiwandani, kwa miguu. Goti lilinitukana kwa lugha zote nne. Nikawakuta wanakula. Nikawaambia: jamani, nilisema haiwezi kumegwa, inamegwa, kwa 613, nimeimega mwenyewe.

Mtunza stoo akaacha kutafuna. "Mzee, umetembea jua lote hili kutuambia hivyo? Nani angejua?"

"Wewe hukujua ilipokuwa tasa," nikamwambia, "na hukujua ilipoacha kuwa tasa. Nimekuja ili angalau usijue kwa usahihi."

Wakacheka, yeye wa kwanza. Kisha akaniuliza imechukua siku ngapi, nikamwambia. Akatoa kalamu zake zote tatu, akazijaribu kwenye kiganja moja baada ya nyingine, na moja ikaandika. "Nionyeshe," akasema. Nikamwonyesha hapohapo, juu ya karatasi ya maandazi, mpaka kengele ya kurudi kazini ikalia na bado ana maswali.

Fundi wa kuchomelea alitaka kulisugua lile neno litoke. Nimekataa. Nimemwambia aongeze mstari chini yake: ILA KWA 613 NA 9,839. Lakini asiupige kwanza. Neno likishapigwa kwa patasi halirudi, na sitaki kusimama kantini mara ya tatu.

Kwa maana bado kuna 9,839. Inaweza kuwa nayo inameguka. Sikuulizi. Nimeigawa kwa namba tasa zote hadi 97, ishirini na tano tu, kwa sababu mia mara mia inaipita. Safari hii mwisho nimeutafuta mwenyewe. Mabaki yote yako kwenye karatasi hii ya pili, na mimi nimepata kwamba inakataa.

Ninachotaka kwako ni hiki. Zikague zote. Kwa mkono, mdogo wangu, kompyuta iache ilale. Hata kama una mitihani elfu. Usiniandikie mpaka umalize, na ukimaliza niandikie ulichokiona, si ninachokitaka.

Kaka yako.


27 Julai

Kaka, shikamoo.

Wote wazima. Watoto wanakusalimu wewe na wifi.

Nimezigawa zote ishirini na tano kwa penseli, mezani jikoni. Imenichukua Jumamosi tangu kifungua kinywa hadi chakula cha mchana, kwa sababu mkono ulikuwa umesahau. Mara mbili nilikosea nikaanza upya. Mtoto mkubwa aliniuliza nimeadhibiwa na nani.

9,839 ni tasa. Kwa hiyo vigawo vya namba yako ni vinne tu, hakuna cha tano: 1, 613, 9,839 na yenyewe. Ukijumlisha vile vitatu vidogo unapata 10,453, havifiki hata unyayoni pake. Namba ambayo vigawo vyake haviifikii tunaiita namba pungufu. Ndilo jina lake, silipambi. Fundi anaweza kupiga mstari wake.

Mabaki yako ishirini na manne ni sahihi. Moja umekosea. Kwa 79 umeandika baki 41. Ni 43. Tazama hatua ya mwisho: nne mara 79 ni 316, wewe umeandika 318. Jibu halibadiliki, lakini ni kosa, na ni lako.

Mdogo wako.